Shangazi, nyayo za mwanangu zinatazamana na mkwe anasema ni mwezi

Assalam alaykum Shangazi. Naandika huku nanyonyesha kwa hio ukiona nimekosea herufi nistahamilie.

Mie niko Pemba, shamba, upande wa Konde, nina miaka 23 na huyu ndo mtoto wangu wa mwanzo, mwanamme, leo ana siku 19. Alivyotoka tu nikaona mkunga kanyamaza, kamfunika haraka, nikauliza kwani vipi, akanambia mtoto mzima alhamdulillah ila miguu imeingia kidogo. Kidogo! Shangazi nyayo zake zinatazamana utasema anataka kupiga makofi kwa miguu, ukimlaza chali nyayo zinaangalia tumbo lake, visigino viko juu huko hata huvioni, na katikati ya unyayo kwa ndani kuna mfinyo mmoja mkubwa kama aliyefungwa uzi. Mkunga kaniandikia karatasi niende Chake kwa watu wa mifupa. Karatasi ninayo, iko chini ya mto.

Sasa nipo kwa mama mkwe, nae ni mtu mwema sitaki kumsema vibaya, uji wa pilipili manga napikiwa, nguo nafuliwa, lakini yeye anasema haya nimeyataka mwenyewe. Usiku ule mwezi ulipopatwa mwaka jana mwezi wa tisa mimba ilikuwa ya miezi mitatu, mie nimekaa barazani nasuka ukili na kisu cha kukatia ncha nnacho mapajani, akaniita ndani nikamwambia ngoja nimalize huu. Basi kila anaekuja kutazama mtoto anasimuliwa kisa cha ukili na mie nipo pale pale kitandani nasikia.

Kaitwa mchuaji, anakuja alfajiri na magharibi, anamchua kwa samli na anauvuta unyayo kwa nguvu mpaka mtoto sauti inamkauka. Na ikitimia arubaini wanasema atafungwa magango ya vijiti vya kuti. Mume wangu yuko dago, kambi ya wavuvi, simu inashika kwa nadra, na ikishika ananambia msikilize mama, na kwao hakuna hata mmoja alozaliwa hivi. Wifi nae anasema kabla ya arubaini haturuhusiwi kutoka nje mie na mtoto.

Shangazi nambie kweli, ni mie nlomfanya hivi? Atatembea? Nikisubiri arubaini iishe ntakuwa nimechelewa? Na huko spitali si watamkata miguu? Na nikizaa tena je?

Mama wa siku 19

*

Waalaykum salaam mwanangu, na hongera ya mtoto, maana naona kwa makelele ya huo mwezi hakuna alokupa hongera.

Nianze na la haraka ili ukiishiwa na bando uwe umelipata. Karatasi itoe chini ya mto, wiki hii hii uende Chake, usisubiri arubaini. Hujachelewa, siku 19 ni vizuri sana, ila kila wiki inayopita miguu inazidi kukaza. Na kwa ulivyoeleza, mimi niliekaa wodi za wazazi miaka mingi kabla ya kustaafu, huu ni mguu kifundo, ugonjwa unaojulikana na unaotibika, na watoto zaidi ya tisa katika kumi wakianza mapema na wakafatwa vizuri wananyooka, wanakimbia, wanacheza mpira, ukimuona skuli hutomjua.

Haya tuje kwenye mwezi. Ule wa tarehe 7 Septemba 2025 niliuona na mie, mnamo saa mbili na nusu usiku, mwekundu kama sahani ya shaba. Na hatukuuona peke yetu, umeonekana Afrika Mashariki yote, Arabuni, India mpaka China. Sasa piga hesabu wanawake wangapi wenye mimba walikuwa wameshika visu usiku ule, wanakata vitunguu, wanaparua samaki, wanashona. Ingekuwa ndo sababu, mwaka huu kusingekuwa na mtoto mwenye miguu iliyonyooka kutoka Konde mpaka Bombay. Watoto hawa wanazaliwa kila mwaka, mwezi upatwe usipatwe, kiasi cha mmoja katika kila watoto 800 au 1,000. Hukumfanya wewe. Hukulala vibaya, hukula kibaya, na ukili wako hauna kosa lolote, usuke.

Sababu yenyewe khasa, kwa watoto wengi madaktari hawajaikamata kwa ukamilifu. Kinachojulikana ni kwamba mguu unaanza vizuri halafu humo humo tumboni kano na nyama za upande wa ndani na wa nyuma ya mguu zinakaza na kuwa fupi, zinauvuta unyayo uingie ndani na kisigino kipande juu. Kuna mambo ya kurithi ndani yake, na uvutaji wa sigara wakati wa mimba unaongeza uwezekano. Wanaume wanapata mara mbili kuliko wanawake, na karibu nusu ya watoto inakuwa miguu yote miwili kama wako. Huyo bwana anaesema kwao hakuna, mwambie watoto wengi wenye hali hii wanazaliwa kwenye nyumba ambazo haikuwahi kuonekana, kwa hio maneno ya kwetu na kwenu muyaweke pembeni. Na ukizaa tena, uwezekano wa huyo mwengine ni mdogo, kiasi cha watatu mpaka watano katika mia, yaani karibu wote wanakuja wazima. Usifunge uzazi kwa khofu.

Sasa, usishangae ukifika Chake daktari au mtu wa fiziotherapia akianza kumvua mtoto nguo zote wakati wewe umempelekea miguu. Ataangalia mgongo kama kuna kishimo au kidonge au nywele sehemu moja, ataangalia nyonga, mikono, vidole, kwa sababu kuna watoto wachache ambao mguu kifundo unakuja pamoja na tatizo la uti wa mgongo au viungo vingine kukaza, na hao matibabu yao yanakuwa magumu zaidi. Kisha ndo atashika mguu. Kuna miguu inazaliwa imeingia kwa sababu tu mtoto alijikunja tumboni, hio ukiisukuma taratibu kwa kidole inarudi sawa na inapanda juu bila shida, inanyooka yenyewe baada ya wiki chache. Mguu kifundo haurudi, umekaza. Ule mfinyo ulouona na kisigino usichokiona ndo vinavyonambia wa mwanao si wa kujikunja tu. Picha ya eksirei kwa mtoto mchanga kwa kawaida haina haja, mifupa yake mingi ya unyayo bado ni gegedu, haionekani vizuri.

Watampa maksi. Wanaita vipimo vya Pirani, wanaangalia vitu sita kwenye kila mguu, kama mfinyo wa ndani, mfinyo wa nyuma juu ya kisigino, ukingo wa nje wa unyayo kama umepinda mithili ya ndizi, kisigino ukikibonyeza kama ni kitupu au kuna mfupa ndani, na kila kimoja kinapewa sifuri, nusu au moja. Kwa hio mguu mbaya kabisa unapata sita na uliopona sifuri. Tofauti na skuli, hapa unataka mtoto wako afeli. Waombe wakwambie maksi kila wiki na uziandike nyuma ya kadi ya kliniki, utaona zinavyoshuka na moyo utatulia.

Kuhusu kuchua, nakwambia taratibu kwa sababu najua yule mchuaji ana nia njema. Kumpaka samli mtoto, kumsinga mwili, hakuna neno. Kuvuta unyayo kwa nguvu, hapana, na leo magharibi akija mpe chai tu. Kile kilichokaza kwa nyuma hakinyooki kwa kuvutwa kwa nguvu, ukilazimisha mbele ya unyayo upande juu wakati kisigino bado kimekwama, mguu unavunjikia katikati, unyayo unakuwa umebinuka chini kama tumbo la mtumbwi, na huo kuutengeneza ni kazi kuliko wa mwanzo. Na magango ndo kabisa, ngozi ya mtoto mchanga inachubuka kwa dakika, na kamba ikibana damu haifiki vidoleni.

Matibabu yenyewe yanaitwa njia ya Ponseti, jina la daktari alozaliwa mwaka 1914 kisiwa cha Menorca huko Hispania, mtu wa kisiwani kama sisi, akakimbia vita vya kwao na kuishia Iowa, Marekani. Yeye aliona watoto waliopasuliwa miguu kwa upasuaji mkubwa wanakuwa watu wazima wenye miguu migumu inayouma, akatafuta njia ya kunyoosha kwa mkono na plasta, na wenzake wakachukua miongo mizima kumuamini. Alifariki 2009, na siku yake ya kuzaliwa, 3 Juni, ndo siku ya mguu kifundo duniani.

Hapo spitali watu wawili watakaa, mmoja anashika mguu, mwengine anafunga. Yule anaeshika hatavuta kisigino wala hatakunja kwa nguvu, ataweka dole gumba lake kwenye kifupa kimoja kinachojitokeza juu ya unyayo upande wa nje, na kwa mkono mwengine atausogeza unyayo kidogo kidogo kuelekea nje, kama unavyoizungusha bawaba ya mlango iloshika kutu. Kisha pamba, kisha plasta, kuanzia vidoleni mpaka juu ya paja na goti limekunjwa. Watu wanauliza kwa nini mpaka pajani wakati ubovu uko chini, ni kwa sababu plasta fupi inateleza na mguu unarudi ndani kwa ndani. Na nikutahadharishe, plasta ya kwanza itakutisha, mguu utauona kama ndo wameuzidisha kuugeuza, dole gumba limeinuliwa juu. Ndivyo inavyotakiwa, wanatoa ule mfinyo wa katikati kwanza. Kuna mama nilimuona kabandua plasta mwenyewe nyumbani kwa jambia la jikoni akidhani wamekosea, ikabidi aanze upya.

Kila wiki inatolewa, mguu unasogezwa tena, inafungwa mpya. Kwa kawaida mara tano mpaka saba. Mtoto hasikii maumivu ya maana, analia kwa kushikwa. Plasta ikifungwa inakuwa na moto kidogo kwa dakika chache, usiogope. Nyumbani isirowe, kumuogesha ni kwa kitambaa tu, nepi badilisha mara kwa mara isivuje ikaingia kwa juu, na umlaze na kanga imekunjwa chini ya miguu visigino visigandamize. Vidole ndo saa yako, vitazame kila unapomnyonyesha. Bonyeza kidogo, kiwe cheupe kisha damu irudi. Vikiwa vya buluu, au vya baridi wakati mwili una joto, au vimevimba, au mtoto analia kilio ambacho titi halikinyamazishi, usingoje siku ya miadi, nenda. Na ukiona vidole vinapotea ndani ya plasta ujue imeteleza, hio ni ya kutolewa siku hio hio.

Umeuliza kama watamkata. Mguu hautokatwa. Lakini baada ya plasta hizo, watoto wengi sana, wanane mpaka tisa katika kumi, unyayo unakuwa umenyooka ila kisigino bado kipo juu kwa sababu kano ile nene ya nyuma ya kisigino ni fupi. Hapo wanapiga sindano ya ganzi na kwa kisu chembamba wanaikata hio kano, kidonda kidogo hakihitaji hata nyuzi, dakika chache. Kisha plasta ya mwisho wiki tatu, na katika wiki hizo kano inaota tena, na sasa ni ndefu. Mkwe wako akisikia neno kukata atapiga ukunga, kwa hio mueleze mwenyewe kabla hajasikia kwa mwengine.

Halafu plasta inatoka, miguu imenyooka, ndugu wote wanashangilia, na hapo ndo balaa linapoanza. Nakwambia hili kwa uchungu kwa sababu mjukuu wa dada yangu alipitia. Baada ya plasta wanampa viatu viwili vilivyofungwa kwenye kibao au chuma kimoja katikati, upana wa mabega yake, ncha zinaangalia nje. Miezi mitatu ya mwanzo anavaa saa 23 kwa siku, anavuliwa wakati wa kuoga tu. Baada ya hapo anavaa usiku na akilala mchana, mpaka atimize miaka minne au mitano. Ndio, miaka, hujasoma vibaya. Kwa sababu ile hali iliyokaza kano tumboni bado inaendelea kuzivuta mtoto anapokua, na hakuna kinachoizuia ila hivyo viatu. Mjukuu wa dada yangu miguu ilinyooka kama rula, mama yake akamuona anateseka, analia usiku, viatu vikapandishwa juu ya kabati akisema atavaa kesho. Mtoto alipofika miaka miwili anakanyagia ukingo wa nje wa unyayo, tukarudi kwenye plasta upya, na mtoto wa miaka miwili kumshika umfunge plasta si sawa na wa siku 19, muulize alomshika. Ugonjwa huu ukirudi, mara nyingi umerudi kupitia juu ya kabati.

Kwa hio jitayarishe na viatu kuliko unavyojitayarisha na plasta. Siku mbili tatu za mwanzo atalia, kwa sababu hawezi kurusha mguu mmoja mmoja. Mshike kile kibao umfundishe kukunja na kunyoosha yote miwili kwa pamoja, fanya mchezo, muimbie, akishajua ataacha kulia. Soksi ya pamba safi, kisigino kiguse chini kabisa ya kiatu ndo ufunge, kamba ya katikati ndo ibane zaidi, mafuta usipake kwenye miguu kwa sababu ngozi inalainika inachubuka. Kisigino kikiteleza kila mara au kikitoka lengelenge usivue ukanyamaza, rudi kwa walokupa watazame saizi. Anakua, viatu vitabadilishwa mara kadhaa.

Atatembea? Atatembea, pengine kwa muda ule ule wa wenzake au miezi michache nyuma. Tafu zake zinaweza kuwa nyembamba kidogo na viatu vyake saizi ndogo. Hakuna atakaeangalia.

Sasa arubaini. Nifasi inakuzuilia sala na saumu, haikuzuilii spitali. Arubaini ya ndani ni mila yetu nzuri ya kumpumzisha mzazi na mie naipenda, lakini wazee wenyewe mtoto akipata homa kali siku ya kumi wanambeba usiku usiku, hawaulizi siku. Mwambie mkwe hivyo hivyo, kwa adabu, tena usimwambie peke yako, mpigie mumeo asubuhi simu inaposhika umwambie mimi sikatai maneno ya mama, nataka mama anipeleke. Hapo umeona? Mpe yeye safari. Yeye ndo abebe karatasi, yeye ndo aulize maswali. Na kama anamnywesha mtoto kombe, yale maji yalooshewa aya, aache, tumbo la siku 19 ni la maziwa yako tu, ila dua asome, na gari ya asubuhi apande. Bibi aliekaa kwenye benchi la kliniki akaona watoto wengine sita wenye miguu kama ya mjukuu wake hatozungumza tena habari ya ukili, nimeshaona zaidi ya mara moja.

Kama Chake watasema huduma hio kwa sasa haipo, usirudi Konde na jibu hilo, waulize wakuandikie rufaa ya Mnazi Mmoja Unguja, na ikibidi kuvuka kuna hospitali ya CCBRT Msasani na taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili, Dar es Salaam, kote huko wanaifanya kazi hii. Uliza mapema kinacholipiwa na kisicholipiwa. Nauli ya kila wiki ndo itakayowasumbua zaidi, kwa hio kama una jamaa Chake pangeni mkae kwao wiki hizo sita saba, mumeo dago auze samaki atume.

Siku ya kwenda mvalishe kijinguo kisichobana miguuni, chukua kanga mbili na nepi za ziada. Samli usimpake, plasta haishiki juu ya mafuta. Na ukikaribia kufika usimnyonyeshe akashiba, mwache na njaa kidogo, umpe titi pale pale wanapoanza kufunga, mwache bibi yake amshike mikono. Akinyonya analegeza miguu, na mguu uliolegea ndo unaofungika vizuri.

Shangazi